Herbie Hancock alijiuza kwenye Head Hunters? Jibu kwa mpiga besi wa Tanga

Swali lenyewe linahusu Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, na albamu yake ya 1973 ambayo wimbo wake wa kwanza ni Chameleon. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya vijana hapa Tanga. Siku hizi nasikiliza sana Head Hunters ya Herbie Hancock, nimeipenda kupita kiasi, ila mjomba wangu mwenye santuri nyingi za jazi ananiambia hiyo ndo albamu Herbie aliyojiuza, eti aliiacha bendi yake ya maana iliyoitwa Mwandishi akaenda kutafuta hela. Ni kweli? Na ile besi ya mwanzo wa Chameleon anapiga nani, mbona nikiitafuta kwenye gitaa langu haikai ile sauti?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na besi, maana ukishaielewa hiyo besi nusu ya hoja ya mjomba tutakuwa tumeshaijibu.

Haikai kwenye gitaa lako kwa sababu sio gitaa. Ile ni sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe, aina ya ARP Odyssey, anapiga Herbie mwenyewe kwa mkono. Chombo hicho kilikuwa kimeingia sokoni 1972 tu, na kina kitasa kidogo cha kuzungusha ambacho ukikigusa sauti inapinda kwenda juu au chini, ndo maana kwenye solo ya Chameleon unasikia noti zinateleza kama mtu anayelalamika. Besi yenyewe inapanda nusu hatua nusu hatua mpaka inatua kwenye B-flati, halafu inapanda tena vilevile mpaka E-flati, basi, inarudi mwanzo. Kodi (chord) mbili tu kwa dakika nyingi. Ukitaka kuipiga kwenye gitaa usihangaike kuigiza sauti, igiza urefu wa noti, sikiliza wapi anaikata noti mapema na wapi anaiacha inanguruma, hapo ndo utamu ulipo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wapiga besi wengi wanalipita bila kuligundua. Baada ya drams za Harvey Mason kuingia unasikia kitu kama gitaa la rizimu kinakwaruza juu, kakamavu, noti fupi fupi zimebanwa. Kwenye albamu nzima hakuna mpiga gitaa hata mmoja. Kile ni gitaa la besi, Paul Jackson anapiga juu kabisa kwenye shingo! Yaani mtu wa besi amenyang'anywa kazi yake na mashine, badala ya kununa akaenda kujitafutia kazi ya rizimu. Na kile kingine kinachochapa katikati ni Clavinet ya Hohner, kinanda cha Kijerumani ambacho ndani kina nyuzi kweli, ukibonyeza kidole mpira mdogo unaugonga uzi na pikapu inachukua sauti kama ya gitaa la umeme, halafu Herbie anakipitisha kwenye pedali ya wa-wa. Kwa hiyo masikio yako yanasikia magitaa mawili na besi, kumbe ni kinanda, besi iliyokwenda juu, na sinthesaiza iliyokwenda chini. Wamebadilishana viti wote.

Nakuomba ukae na hilo kabla hujakubali neno "amejiuza". Mtu anayetafuta hela ya haraka haandiki kitu cha dakika 15 na sekunde 41 kikawa wimbo wa kwanza wa santuri. Albamu yote ina nyimbo nne tu, Chameleon, Watermelon Man, Sly na Vein Melter, na hakuna hata mmoja wenye mashairi. Kampuni ya Columbia ilibidi waikate Chameleon iwe fupi ndo waitoe kama singo.

Ila mjomba wako hajazungumza uongo wote, tumtendee haki. Bendi ya Mwandishi ilikuwa kitu kikubwa mno. Herbie alikuwa ametoka kupiga na Miles Davis, yule mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, tangu 1963 hadi 1968, akatengeneza bendi yake ya watu sita, na kufika 1970 hivi walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili: Herbie ni Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa drams ni Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga (na kweli alikuwa daktari), Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto, Bennie Maupin wa saksafoni na bas klarineti ni Mwile. Majina hayo yaliletwa na James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, ambaye alikuwa kwenye kundi la mwanaharakati Maulana Karenga kule California, kundi lilelile lililoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Waamerika weusi, mwaka 1966. Kipindi kile Waamerika weusi wengi walikuwa wanajifunza Kiswahili kama lugha ya kujitambua, na hawa jamaa waliyatumia majina hayo kwa heshima, sio pambo.

Walitoa Mwandishi mwaka 1971, Crossings 1972, na Sextant mwanzoni mwa 1973. Ni muziki mzito wa kuelea, unaweza kukaa dakika nyingi hujui wimbo unaelekea wapi, halafu ghafla wote wanakutana sehemu moja na nywele zinakusimama. Patrick Gleeson akawaletea masinthesaiza makubwa. Mimi naipenda Sextant kwa moyo wote, na mjomba akisema ni muziki wa maana naungana naye kabisa. Tatizo ni kwamba bendi ya namna hiyo ni ghali, watu wengi, mashine nyingi za kusafirisha, na santuri hazikuuzwa vya kutosha. Mwaka 1973 Herbie akaivunja. Kwa hiyo hela ilikuwepo kwenye hadithi, kuficha hilo sio sawa.

Lakini sababu aliyoieleza yeye mwenyewe miaka ya baadaye ni nyingine, na mimi namwamini. Alikuwa ameingia kwenye dini ya Kibudha, njia aliletewa na Buster Williams, na anasema siku moja wakati anasali sala yake ya kurudiarudia akawa anamfikiria Sly Stone, nyota wa muziki wa fanki, na ule wimbo wake wa Thank You aliokuwa anaupenda sana. Ikamjia picha yake yeye Herbie amekaa kwenye bendi ya Sly anapiga fanki ya Sly. Akaifurahia. Halafu ikamjia picha ya kinyume, Sly anapiga kwenye bendi ya Herbie, bendi yenyewe inapiga fanki, na akajikuta anaikataa kwa aibu. Hapo akajiuliza, hii aibu inatoka wapi? Yeye mtoto wa Chicago, amekua na bluzi na arindibii (R&B) mtaani, lini amejifunza kuuangalia muziki wa watu wake kwa juu juu hivyo? Anasema aliona ndani yake dharau ileile aliyokuwa anaichukia kwa wengine, na akaamua kwenda huko huko kunakomtia aibu.

Ndo akatafuta watu. Na angalia alivyotafuta: hakutaka wapiga jazi wanaojua kuigiza fanki, alitaka watu wa fanki wanaoweza kupiga jazi. Kutoka bendi ya zamani akabakiza mmoja tu, Maupin. Paul Jackson alimtoa Oakland, mji ambao fanki yake ina vidole vyepesi na noti nyingi za kunong'ona. Harvey Mason alikuwa mtu wa studio Los Angeles, mpigaji safi kama saa. Bill Summers akawa mtu wa ngoma ndogo ndogo, makongo, shekere, na vitu vya kupulizwa. Watu watano. Wakarekodi Septemba 1973 San Francisco, studio mbili, Wally Heider na Different Fur ambayo ilikuwa ya yule Gleeson, prodyuza ni Herbie pamoja na David Rubinson. Oktoba hiyohiyo ikawa sokoni.

Chameleon waliandikiwa wote wanne kama watunzi, Hancock, Jackson, Mason na Maupin. Kwa bosi mwenye jina kubwa kama Herbie hilo sio jambo dogo, maana mtunzi ndo anayekula mirabaha miaka yote. Na ukiusikiliza unaona kwa nini ilikuwa haki, kwa sababu wimbo wenyewe ni mshono wa vipande vya kila mmoja, ukichomoa kipande cha Jackson hakuna Chameleon, ukichomoa ya Mason vilevile.

Wewe umekulia Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, unajua bendi zetu zilivyokuwa zinajiita jazi wakati zinapiga dansi la watu kucheza. Sikiliza gitaa la solo, la rizimu na la besi kwenye dansi la zamani, hakuna anayepiga sana, kila mmoja ana kipande chake kidogo anakirudia, na muziki unatokea katikati yao. Head Hunters wameshonwa hivyo. Ndo maana nadhani umeipenda haraka kuliko ulivyoipenda jazi nyingine, sikio lako lilishalelewa na kitu cha ukoo huo.

Na hili ndilo ningemwambia mjomba kama tungekaa barazani pamoja: ugumu wa muziki wa Mwandishi haukutupwa, umehamishwa tu kutoka kwenye kodi kupeleka kwenye mdundo. Kwenye Sextant ugumu uko kwenye sauti na mwelekeo. Kwenye Head Hunters ugumu uko kwenye nani ananyamaza wapi. Jaribu wewe na wenzako kupiga Chameleon dakika tano bila kuongeza kasi na bila mtu kupamba, utaniambia kama ni muziki rahisi.

Kisha nenda kwenye ule wimbo unaoitwa Sly, kwa sababu watu wanaosema hii sio jazi mara nyingi hawajafika hapo. Inaanza polepole, inabadilika sehemu mara kadhaa, halafu inapaa, Maupin anaingia na soprano anapiga solo ya moto huku Mason na Jackson wako chini yake wanakimbia, wala hawamwangalii mcheza dansi. Herbie naye akishika solo, hakuna alichopunguza, ni mpigaji yuleyule wa bendi ya Miles. Vein Melter ndo wengi wanauruka na mimi unaniuma huo mruko, ngoma ya snea inapigwa kama maandamano ya mazishi kwa mbali, bas klarineti ya Maupin juu yake, taratibu, giza. Hapo ndo Mwandishi mzima yuko ndani ya Head Hunters, hajaenda popote.

Watermelon Man nataka nikae nao kidogo maana una mambo mawili. La kwanza, huo ni wimbo wa zamani wa Herbie, aliutoa 1962 kwenye albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Blue Note, akikumbuka muuza matikiti aliyekuwa anapita na mkokoteni wa farasi kwenye vichochoro vya Chicago, na Mongo Santamaría, mpiga ngoma wa Cuba, aliupiga ukawa hiti mwaka 1963. Kwa hiyo mtu akisema Herbie alianza kutafuta redio 1973, mwambie wimbo wake wa kwanza kabisa kutambulika ulikuwa wa redio. Toleo la 1973 Harvey Mason alilipanga upya, wakalipunguza mwendo mpaka likawa zito kama mtu anayetembea na mzigo kichwani.

La pili ni ule mwanzo, sauti kama filimbi na mtu zinapokezana. Yule ni Bill Summers anapuliza chupa ya bia na kuitikia kwa sauti yake, kisha wakazirekodi juu ya nyingine mpaka zikawa kundi. Ila mtindo sio wake. Ni wa Babenzele, watu wa msituni Jamhuri ya Afrika ya Kati, wanauita hindewhu: una kifilimbi cha noti moja tu kilichokatwa kwenye mpapai, unapuliza, unaimba, unapuliza, unaimba, mpaka noti moja inageuka wimbo. Kata bua la jani la mpapai hapo nyumbani, lina tundu ndani, ujaribu uone lilivyo gumu kulifanya kwa mdundo unaokaa. Summers aliusikia mtindo huo kwenye santuri ya rekodi za Babenzele iliyotoka 1966, zilizorekodiwa na Simha Arom pamoja na Geneviève Taurelle.

Na hapa ndo mimi nina dukuduku na albamu hii, kubwa kuliko la mjomba. Babenzele hawakupata jina kwenye wimbo wala senti. Mtafiti wa muziki Steven Feld alikuja kumuuliza Herbie kuhusu hilo, akajibu kwa maana ya kwamba hili ni jambo la ndugu kwa ndugu, halihitaji kwenda kuomba. Lakini Madonna alipochukua kipande cha Watermelon Man kwenye wimbo wake wa Sanctuary mwaka 1994, Herbie alitajwa kama mtunzi mwenza. Yaani kutoka kwa Herbie kwenda juu kulikuwa na mkataba, kutoka msituni kuja kwa Herbie kulikuwa na undugu. Naelewa alikotoka, kizazi chake walinyang'anywa Afrika na walikuwa wanairudia kwa mapenzi ya kweli, lakini undugu nao una desturi ya kupiga hodi. Ningependa majina ya wale waliopiga yawe yamekaa nyuma ya kava. Kama unatafuta lawama ya kumpa Herbie kwa albamu hii, hiyo ndo yenye uzito.

Hata kava lenyewe, tukiwa hapo hapo, lilichorwa na Victor Moscoso na ile sura ya duara ni barakoa ya Wabaule wa Ivory Coast iliyochanganywa na kifaa cha kufuta usumaku kwenye vichwa vya mashine za tepu. Angalia macho na mdomo utaona.

Ilivyopokelewa sasa. Watu wa kawaida waliipokea kama mvua baada ya kiangazi. Ilipanda mpaka namba 13 kwenye chati kubwa ya albamu za Billboard na kukaa namba moja kwenye ya jazi, na singo ya Chameleon ikafika namba 42 mwaka 1974, na huo wimbo hauna mwimbaji! Ikaja kuwa albamu ya kwanza ya jazi kupata cheti cha platinamu, maana yake milioni moja. Vijana weusi ambao walikuwa hawaendi kabisa kwenye maonyesho ya jazi wakaanza kuja. Kwa Herbie nadhani hilo lilimgusa kuliko hela, kwa sababu bendi ya Mwandishi pamoja na majina yake ya Kiswahili na mavazi yake, walioijaza kumbi zake mara nyingi hawakuwa watoto wa mtaani kwake.

Wahakiki wa jazi ndo walioumia. Walishakuwa na kidonda tangu Miles alipochomeka umeme, halafu albamu yake On the Corner ya 1972 ikawachanganya zaidi, sasa anakuja mwanafunzi wa Miles na kitu kilekile cha mdundo ila hiki kinauzwa. Kuuzwa ndo kulikowaudhi. Mashtaka yao yalikuwa kwamba kodi ni chache, mdundo haubadiliki, solo zinapigwa juu ya duara lilelile. Hayo yote ni kweli kama maelezo, sio kweli kama kosa. Mjomba wako anarithi mashtaka hayo, na simlaumu, mtu aliyempenda Herbie wa piano ya mbao halafu akamsikia na ARP lazima ahisi ameachwa.

Ila piano hakuiacha. Mwaka 1976 aliwakusanya tena wenzake wa enzi za Miles, Wayne Shorter, Ron Carter na Tony Williams, pamoja na Freddie Hubbard wa tarumbeta, wakapiga jazi ya mbao tupu kwa jina la V.S.O.P., wakazunguka dunia. Mtu aliyejiuza harudi hivyo wakati fanki inamlipa. Na mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Head Hunters kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa, wakati huo vijana wa hiphop walikuwa wameshaikatakata vipande kwa miaka zaidi ya kumi na tano.

Sasa kazi yako ya mazoezi. Usianze na ile besi ya sinthesaiza, anza na Chameleon nusu ya pili, pale mashine inaponyamaza na Paul Jackson anaishika besi yake kwa kweli huku Herbie anapiga solo kwenye Fender Rhodes, piano ya umeme. Hapo hakuna duara lililoganda, Jackson anabadilisha kitu kidogo karibu kila mara lakini huwezi kumshika anapobadilisha. Mchukue baa nne kwanza, punguza mwendo kwenye simu, ziandike, halafu umletee mpiga drams wenu azisikie kabla hujampigia. Ukizimaliza nenda kwenye albamu iliyofuata, Thrust ya 1974, Mason ameondoka kaingia Mike Clark wa Oakland, na huko kuna Actual Proof ambayo besi yake hata watu wazima inawatoa jasho. Mjomba mpe Vein Melter aisikilize usiku bila kumwambia imetoka albamu gani, kisha uniandikie alichosema.